Anachotaka mteja katika duka la mifarishi: somo kutoka Marekani

Mwishoni mwa Mei 2025 maduka ya mwisho ya kampuni ya JOANN, iliyokuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa vitambaa vya kushonea nchini Marekani, yalifunga milango. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1943 kwa duka moja mjini Cleveland, jimbo la Ohio. Ilipoingia mahakamani kwa mara ya mwisho, Januari 2025, ilikuwa na maduka yapatayo 800 na wafanyakazi wapatao 19,000.

Kuanguka huko kumewaachia wafanyabiashara wa vitambaa, wakubwa kwa wadogo, swali la kutafakari. JOANN iliuza kwa bei ya chini, iligawa kuponi za punguzo kila mara, na ilikuwa na matawi nchi nzima. Kandokando yake kulikuwa na vijiduka vya mtaani, vingi vikiendeshwa na mtu na mkewe au mama na binti yake, vikiuza kitambaa cha pamba kwa bei ya juu zaidi na bila kuponi. Vingi vya vijiduka hivyo vingali vimesimama. Si kwamba vyenyewe havifi. Vingine hufungwa kila mwaka, hasa mwenye duka anapozeeka akakosa wa kumrithi. Lakini vilivyobaki vimebaki kwa sababu zinazoweza kuelezwa kwa hesabu, na hesabu hiyo huanzia kwa mteja: anataka nini hasa anapoingia mlangoni?

BIASHARA YENYEWE

Mfarishi ni shuka nene la kujifunika lenye tabaka tatu. Juu ni vipande vya vitambaa vya rangi mbalimbali vilivyoungwa kwa mpango maalumu, mara nyota, mara miraba, mara mapembe. Kati ni pamba nyepesi iliyotandazwa. Chini ni bitana. Tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa mishono inayopita juu hadi chini ili pamba isikusanyike upande mmoja. Hapo zamani ilikuwa kazi ya akina mama wa mashambani waliotumia masalio ya magauni na mashati yaliyochakaa. Leo mifarishi imo hata katika majumba ya sanaa. Ile ya wanawake Weusi wa Gee's Bend, Alabama, ilionyeshwa katika jumba la Whitney mjini New York mwaka 2002. Mji mdogo wa Paducah, Kentucky, wenye wakazi wapatao 27,000, una jumba la makumbusho ya mifarishi tangu mwaka 1991, na maonyesho yake ya kila mwaka, yaliyoanza 1985, huwajaza watu hotelini.

Jambo ambalo mfanyabiashara wa huku anapaswa kulishika mapema ni hili: sehemu kubwa ya mifarishi hiyo haiuzwi. Mshonaji humshonea mjukuu aliyezaliwa, kijana anayeoa, au rafiki anayeugua. Shuka la namna hiyo lililoshonwa kiwandani ng'ambo hupatikana madukani kwa bei isiyofikia hata gharama ya kitambaa chake. Kwa hiyo mtu anayetaka tu kitu cha kujifunika usiku wa baridi hafiki kabisa katika duka hili. Anayefika amekwisha kuamua kutumia fedha nyingi na miezi kadhaa ya kazi kwa kitu ambacho hatalipwa. Kumwendea mteja wa aina hiyo kwa tangazo la bei rahisi peke yake ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza.

HESABU YA MFARISHI MMOJA

Ichukuliwe kazi ya kitanda kikubwa, inchi 90 kwa 100. Kitambaa cha pamba tupu cha maduka haya kwa kawaida kina upana wa inchi 44, na katika miaka hii ya 2020 kimekuwa kikiuzwa kwa dola 12 hadi 14 yadi moja. Ikishikwa bei ya dola 13, tabaka la juu la yadi 8 litagharimu dola 104. Pindo la kuzungushia kingo, robo tatu ya yadi, ni dola 9.75.

Bitana ndiyo yenye somo. Bitana hukatwa kubwa kuliko tabaka la juu kwa inchi chache kila upande, kwa hiyo hapa zinahitajika inchi 98 kwa 108. Kwa kitambaa cha inchi 44, ambacho baada ya kuondoa kingo hubaki kama inchi 42, lazima ziungwe paneli tatu za inchi 98. Hizo ni inchi 294, yaani yadi 8 na robo baada ya kukadiria, au dola 107.25. Lakini kipo kitambaa kinachofumwa kwa upana wa inchi 108 kwa ajili ya kazi hiyo. Yadi 3 za kitambaa hicho zinatosha, bila mshono wowote wa katikati. Kikiuzwa kwa dola 22 yadi, ni dola 66.

Muuzaji anayetazama droo ya fedha ya leo atanyamaza amkatie mteja yadi 8 na robo. Muuzaji anayejua kazi yake atamwonyesha jora la upana wa inchi 108, na droo itapungukiwa dola 41.25. Mteja huyo hujua siku ya pili kwamba hakudanganywa, kwa sababu washonaji huongea. Wana vyama vyao vya mitaa vinavyokutana kila mwezi, na hakuna tangazo la gazeti linalosambaa haraka kuliko habari ya duka lililomuuzia mtu kitambaa asichokihitaji.

Ongezwa pamba ya kati, kisha kazi ya kushona tabaka tatu kwa mashine kubwa ya mkono mrefu, ambayo wengi hawana nyumbani. Kazi hiyo hutozwa kwa inchi ya mraba. Kwa senti 2 kila inchi, mfarishi wa inchi 9,000 za mraba ni dola 180, zaidi ya kitambaa chote cha juu. Mwenye duka aliyeweka mashine hiyo nyuma ya duka ana mapato yasiyotegemea jora hata moja.

MTEJA ANATAKA KUMALIZA

Washonaji wa mifarishi wana utani kuhusu kazi zao zilizolala kabatini bila kumalizika. Karibu kila mmoja anazo. Ukifuatilia kwa nini kazi ililala, sababu huwa ni chache na hujirudia. Rangi zilimshinda katikati. Alikosea hesabu ya vipande. Kitambaa kilimwishia. Au alimaliza juu, akaogopa kuzishona tabaka tatu kwa cherehani ndogo ya nyumbani.

Kila sababu kati ya hizo ni mlango wa biashara, na duka la mtaani lenye akili limejengwa kuzizunguka. Ndiyo maana meza ya kukatia huwa kubwa na iko karibu na dirisha. Mteja huleta kipande chake kutoka nyumbani, majora manne au matano hutolewa rafuni, yakapangwa ubavuni mwa kipande hicho kwenye mwanga wa mchana, mawili yakarudishwa. Picha ya kompyuta haiwezi kufanya kazi hiyo sawasawa, kwa kuwa bluu ya kioo siyo bluu ya kitambaa. Aidha, mteja hupenda kukishika. Pamba ya kufumwa vizuri hutambulika kwa kidole. Iliyojazwa wanga ili ionekane nzito hulegea ikifuliwa mara ya kwanza. Anataka kujua pia kama nyekundu ile itachuja juu ya nyeupe na kama kitambaa kitarudi baada ya kufuliwa. Muuzaji anayejibu "sijui" na kisha akaenda kujaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa ana heshima kuliko anayejibu "hakichuji" bila kutazama.

Suala la kitambaa kuisha ni gumu zaidi, na hapa wenye maduka wengi wamepoteza fedha. Vitambaa vyenye michoro hutolewa na viwanda kwa mikupuo. Mkupuo mmoja huchapwa mara moja, huuzwa kwa miezi kadhaa, na mara nyingi haurudiwi tena. Mwenye duka huagiza kwa kutazama sampuli miezi mingi kabla ya mzigo kufika, akikisia rangi zitakazopendwa. Vitambaa vya rangi moja na vile vya michoro midogo ya kawaida ni hadithi tofauti: viwanda huviweka daima, na aliyenunua nyeupe ya namba fulani mwaka huu ataipata mwakani, japokuwa mkorogo wa rangi unaweza kutofautiana kidogo.

Mteja aliyepungukiwa nusu yadi ya mkupuo uliokwisha ni mtu mwenye majonzi, na mara nyingi hulilaumu duka hata kama kosa ni lake. Wauzaji wazuri humaliza tatizo hilo siku ya kwanza. Wanapokata kitambaa huuliza ni kazi gani, ukubwa gani, na kama pindo la kingo limehesabiwa. Swali la pindo peke yake huongeza robo tatu ya yadi kwenye mauzo mengi, na mteja hushukuru badala ya kununa.

ROBO NENE

Kuna kipimo kimoja kinachofundisha zaidi ya vitabu vya biashara. Robo ya yadi ikikatwa kwa kawaida hutoa ukanda wa inchi 9 kwa 44. Mtu anayetaka mraba wa inchi 10 hawezi kuupata humo. Maduka ya mifarishi kwa hiyo hukata nusu yadi kwanza, inchi 18 kwa 44, kisha huipasua katikati, ikatoka mara mbili inchi 18 kwa 22. Eneo ni lilelile, inchi 396 za mraba. Kitambaa hakikuongezeka hata uzi mmoja. Ila kipande hicho, kiitwacho robo nene, kinafaa kazi ambazo ukanda mrefu haufai, na kikikunjwa vizuri na kufungwa utepe huuzwa kwa bei iliyo juu kidogo ya robo ya kawaida.

Kwa jora lililobaki yadi 2, hesabu ni hii: kwa yadi, dola 26, na huenda lisinunuliwe miezi sita kwa kuwa hakuna anayetaka kubahatisha na masalio. Kwa robo nene, vipande 8 vya dola 3.75, jumla dola 30, na mara nyingi huondoka mapema kuliko jora lenyewe. Rafu imepata nafasi.

Viwanda vilipoona hivyo vikaanza kukata vyenyewe. Leo kuna mikanda ya inchi 2 na nusu, kwa kawaida 40 katika mviringo mmoja, miraba ya inchi 5 na miraba ya inchi 10, kila furushi likiwa na kitambaa kimoja kimoja cha mkupuo mzima. Mteja anayeogopa kuchagua rangi hapo amechaguliwa na mchoraji wa kiwanda. Mteja mwenye ujuzi huwacheka wanaonunua mafurushi hayo, kisha naye hununua moja.

MALI ILIYOLALA

Upande wa mwenye duka si wa raha. Jora la yadi 15 lililonunuliwa kwa jumla kwa dola 6.50 yadi limemeza dola 97.50. Likiuzwa kwa dola 13, mtaji hurudi yadi ya saba na nusu inapokatwa, na faida yote imo katika nusu ya pili ya jora. Duka lenye majora 2,000 ya namna hiyo limefungia dola 195,000 ukutani. Kodi ya pango, umeme na mishahara vinasubiri nusu ile ya pili.

Hapo ndipo kishawishi cha kupunguza mali kinapoingia, na ndipo wengi hujikata mguu wenyewe. Mteja akija mara mbili akakuta rafu zilezile, safari ya tatu hatoki nyumbani. Akikuta rafu zimebadilika mno, nyeupe yake ya kila siku haipo, naye hatarudi. Maduka yanayodumu hugawa mtaji katika mafungu mawili bila huruma: fungu la vitambaa vya daima ambavyo havikosekani kamwe, na fungu la mikupuo ambayo huingia, hukatwa, na masalio yake hugeuzwa robo nene kabla mwaka haujaisha. Kitambaa kilichopita mwaka hupunguzwa bei wazi, kwenye kona inayojulikana. Wanunuzi wa kona hiyo si aibu ya duka. Bitana za ndani na mifarishi ya msaada kwa hospitali hutoka humo.

WATU WA DUKANI

Malalamiko yanayosikika mara nyingi dhidi ya maduka haya hayahusu bei. Yanahusu kupokewa. Kijana aliyeingia akaonekana hana fedha, akafuatwa nyuma kana kwamba ataiba. Mwanamume anayeshona, nao wapo, akaulizwa kama mkewe yuko nje. Mtu aliyekuja na kitambaa alichonunua kwingine akaonyeshwa uso wa siki. Mzoefu na rafiki zake wakaizingira meza ya kukatia wakipiga soga, na mgeni akasimama robo saa bila kuulizwa shida yake.

Mteja huyo wa mwisho ndiye ghali kuliko wote kumpoteza, maana anayeanza hana kitu chochote nyumbani. Anahitaji rula, kisu cha gurudumu, ubao wa kukatia, nyuzi, sindano na huenda cherehani. Mzoefu tayari ana kabati zima.

Hali kadhalika, maduka haya hufundisha. Darasa la jioni la watu wanane, kila mmoja na cherehani yake, lina ada ambayo mara nyingine haimlipi hata mwalimu vizuri. Faida yake huonekana wiki zinazofuata, mwanafunzi anaporudi kwa ajili ya kazi ya pili bila kuitwa. Kuna pia mpango wa sehemu moja kila mwezi: mteja hujiandikisha mwanzoni mwa mwaka, hulipa kidogo kidogo, na kila mwezi huchukua vitambaa na mchoro wa sehemu mpya. Kwa mwenye duka huo ni uhakika wa mauzo ya miezi kumi na miwili na mteja anayeingia mlangoni mara kumi na mbili. Sharti lake ni moja, nalo ni kali: kitambaa chote cha mwaka kiwe kimekwisha kununuliwa na kuwekwa pembeni mwezi wa kwanza. Duka likikosa kitambaa mwezi wa tisa, limewavunja moyo wateja wake bora kwa pamoja.

Maduka jirani, ambayo ni washindani, hushirikiana mara moja kwa mwaka katika matembezi ya pamoja. Mteja hubeba kijitabu, hugongewa muhuri katika kila duka la eneo, na aliyekamilisha mihuri huingia katika bahati nasibu. Magari hujaa akina mama, kila duka huwapata wageni ambao lisingewafikia peke yake.

MJI WA HAMILTON

Anayedhani mtandao wa kompyuta umeua biashara hii atazame mji wa Hamilton, Missouri, wenye watu wasiofika 2,000. Mwaka 2008, wakati wa mtikisiko wa fedha, watoto wa mama aitwaye Jenny Doan walimnunulia mashine ya mkono mrefu na kumtafutia jengo ili awashonee watu mifarishi kwa malipo. Wateja walikuwa haba. Mwaka 2009 mmoja wa watoto hao akapendekeza mama apigwe picha za video akifundisha, bure, kwenye YouTube. Video zile zilifundisha njia rahisi za kuunga vipande, kwa mtu anayeogopa hesabu, na vitambaa alivyotumia vilipatikana kwao. Kila siku bidhaa moja ilipunguzwa bei.

Kampuni hiyo, Missouri Star, ilinunua majengo matupu ya barabara kuu ya mji moja baada ya jingine na kuyafanya maduka, kila moja na aina yake ya vitambaa. Watu husafiri majimbo kadhaa kuyatembelea, ingawa wangeweza kuagiza kwa posta. Liko hata jengo lenye viti vya kupumzikia, televisheni na meza ya mchezo kwa ajili ya waume waliowaendesha wake zao. Mume mwenye pa kukaa hasemi "twende," na kila nusu saa anayonyamaza ina yadi zake.

KILICHOIANGUSHA JOANN

Wenye kununua hisa wana la kujifunza upande wao. JOANN haikukosa wateja. Wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, watu waliposhona barakoa na kukaa nyumbani, mauzo yake yalipanda hadi zaidi ya dola bilioni 2.7 kwa mwaka wa hesabu. Machi 2021 hisa zake ziliingia soko la Nasdaq kwa dola 12 kila moja. Mnunuzi aliyesoma mauzo peke yake aliona neema.

Aliyesoma deni aliona jingine. Kampuni ilikuwa imenunuliwa mwaka 2011 na mfuko wa uwekezaji wa Leonard Green kwa takriban dola bilioni 1.6, na mzigo wa mikopo ya ununuzi wa namna hiyo hubebwa na kampuni yenyewe. Korona ilipopungua, mauzo yalishuka na riba ikapanda. Machi 2024 kampuni iliomba kinga ya mahakama ya mufilisi, ikapunguziwa deni la dola milioni 500 hivi, hisa zikaondoka Nasdaq na umiliki ukaenda kwa wakopeshaji na wadau wengine wa karibu. Januari 2025 ikarudi mahakamani ikiwa na deni linalozidi dola milioni 600. Miongoni mwa sababu ilizoieleza mahakama ni kwamba baada ya mufilisi wa kwanza wauzaji wa jumla hawakuiletea mali kama ilivyotarajia. Rafu zikabaki na mapengo. Mteja aliyekwenda kutafuta pamba ya kati na uzi mweupe akakuta mapambo ya sikukuu.

Haikuwa ya kwanza. Hancock Fabrics, iliyoanzishwa mwaka 1957 huko Tupelo, Mississippi, iliingia mufilisi mwaka 2007, ikatoka, ikaingia tena 2016 na kufutika. Mwenye hisa za kampuni ya rejareja iliyotoka mufilisi mara moja anashauriwa kwenda dukani mwenyewe kutazama rafu kabla ya kusoma taarifa ya hesabu, kwa kuwa rafu hutangulia.

Pwani ya Afrika Mashariki iliwahi kuona jambo la aina hiyo kwa kitambaa cha Wamarekani haohao. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa kizito cha pamba kisichopakwa rangi, na watu wakakiita merikani. Kilipendwa hadi bara, na wanunuzi walikitambua kwa mkono wakikataa vya kuiga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata ugavi wa pamba. Vitambaa vya Uingereza na Bombay vikajaza pengo, na baada ya vita Wamarekani hawakuweza tena kulitawala soko kama zamani.

Jina la JOANN lilinunuliwa Juni 2025 na kampuni ya Michaels, inayouza vifaa vya kazi za mikono, ambayo imetangaza kuongeza vitambaa katika maduka yake. Vijiduka vya mtaani vimepata wateja wapya tangu hapo, wakiwemo wanaoshona magauni na kutafuta zipu, vifungo na vitambaa vya kuvutika. Hapo pana mtego. Duka la mifarishi likitaka kumridhisha kila aliyeachwa na JOANN litageuka JOANN ndogo yenye majora ya aina ishirini, kila aina nusunusu. Zipu chache na vifungo si vibaya. Vitambaa vya suti ni biashara nyingine.

KWA WENYE VITENGE

Washonaji wa Marekani hununua vitenge, na michoro ya Kiafrika imo katika mifarishi mingi. Mtalii anayeshona, au ndugu aliye ng'ambo anayetumwa na rafiki yake, akiingia duka la Kariakoo au Biashara Street hutaka aina nyingi na kidogo kidogo, wakati kitenge huuzwa kwa pisi ya yadi 6 au vipande vyake vikubwa. Pisi moja ya yadi 6 ikikatwa robo nene hutoa vipande 24. Pisi kumi za michoro tofauti, jumla yadi 60, hutoa vipande 240, yaani mafurushi 24, kila furushi na michoro kumi. Anayetaka kujaribu aanze na pisi kumi hizo na mkasi mkali, asiongeze kabla mafurushi 24 hayajaondoka.

Kitambaa kiwe pamba tupu, maana pasi ya moto wa pamba huharibu kilichochanganywa na nailoni au poliesta. Uzi mmoja ukichomolewa pembeni na kuwashwa kwa kiberiti hutoa jibu: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Kipande kingine kilowekwe na kufungwa pamoja na kitambaa cheupe usiku kucha. Kikichuja, kisiwekwe katika furushi, kiuzwe kwa mshona magauni na aambiwe kwamba kinachuja.